Kunakili Makaburi ya Askari

Mwishoni mwa Agosti 1916, jeshi la Waingereza lililojulikana kwa jina la Jeshi la Ziwa, chini ya amri ya Brigedia Jenerali Sir Charles Crewe, liliingia Shinyanga likitokea Mwanza, mji ambao lilikuwa limeutwaa katikati ya Julai. Na katika majira hayohayo, upande wa magharibi, katika nchi ya Ushirombo na Kahama, vikosi vya Wabelgiji kutoka Kongo vilikuwa vikishuka kusini, majeshi yote mawili yakikusudia Tabora na reli yake, ambako Jenerali Kurt Wahle alikuwa akiongoza askari wa Wadachi (Wajerumani) waliobaki kuilinda sehemu hii ya koloni. Tabora ilitwaliwa na Wabelgiji tarehe 19 Septemba, ambayo kwa hesabu ya Hijra iliangukia Mfungo Pili wa mwaka 1334. Vitabu vya vita huipitia safari hiyo kwa kurasa chache, kwa kuwa haikuwa na mapambano ya kutisha kama yale ya Tanga mwaka 1914 au ya Mahiwa mwaka 1917. Walakini mapito yake yote yamo katika ardhi ambayo leo ni mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Geita na Tabora, na mtu wa kwetu anayekwenda mnadani au mgodini hukanyaga njia zilezile pasipo kujua.

Jeshi liendalo kwa miguu katika nchi yenye maji haba, wakati wa kiangazi, hupoteza watu wengi kwa kuhara damu na malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi, na waliopotea zaidi ya wote katika vita ile walikuwa wapagazi, waliojitwika vichwani unga, risasi na maji ya wale waliobeba bunduki. Kaburi la mtu aliyekufa njiani lilikuwa la haraka: mzungu akiwekewa msalaba wa mti au kibao cha bati, askari Mwislamu akiwekewa mawe mawili, kichwani na miguuni, na mpagazi mara nyingi asiwekewe chochote. Misalaba ya mti ililiwa na mchwa, na mawe yasiyo na maandishi yakarudi kuwa mawe ya kawaida. Yaliyosalia ni machache, na uchache huo ndio unaonifanya niandike makala haya juu ya kazi ambayo watu wengi huidhani kuwa ndogo, nayo ni kunakili maandishi ya makaburi ya askari: kusimama mbele ya jiwe, kulisoma, kuliandika kama lilivyo, na kuiweka nakala mahali pasipofikiwa na mvua wala nyundo.

Makaburi ya vita yaliyo na mipaka, mlinzi na daftari la majina yapo Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Morogoro, Iringa na Dodoma, na ng'ambo ya mpaka yapo Taveta, Voi na Maktau, ambako kuna wanajeshi wa Afrika Kusini na wa Bara Hindi waliouawa au kufa kwa maradhi katika mapigano ya 1916. Msomaji wa Shinyanga, Kahama au Geita aghalabu hana bustani ya namna hiyo karibu naye. Alicho nacho, akijaliwa, ni mawe matano au kumi nyuma ya boma la zamani, au katika kiwanja cha misheni, au kando ya kambi ya mgodi iliyokwisha kuhamwa, askari akiwa amelazwa jirani na padri, na afisa wa polisi jirani na fundi wa mashine. Kazi ya kunakili ni ileile, na kwa rai yangu ina haja zaidi hapo, kwa sababu makaburi makubwa yana wenyewe, na haya madogo hayana.

Nataka nishike neno moja tangu mwanzo ili msomaji anipime kwalo: mnakili ni shahidi, si mhariri. Shahidi mwema mbele ya kadhi husema alichokiona, husema pia alichokosa kukiona, wala hazipambi habari ili zipendeze. Makosa mengi katika madaftari ya makaburi hayakuletwa na uvivu. Yaliletwa na wema, maana mtu aliona jina lililokosewa akalisahihisha, akaona tarehe iliyofutika nusu akaijaza kwa akili yake, na aliyemfuata akaipokea ile dhana kama ithibati.

Basi tuanze na jiwe lenyewe. Jiwe la Kiingereza la vita lina kanuni, na mwenye kuijua kanuni yake hulisoma hata likiwa limechakaa. Tume ya Makaburi ya Vita, ambayo siku zile ilikuwa ya Dola na leo ni ya Jumuiya ya Madola, iliundwa kwa hati ya kifalme tarehe 21 Mei 1917 kwa juhudi za Fabian Ware, na mwaka uliofuata Sir Frederic Kenyon alipendekeza msingi ambao wakati ule ulikuwa mgeni kabisa, kwamba jenerali na askari wa kawaida wapewe jiwe la namna moja. Jiwe hilo lina kimo cha sentimita 81 hivi na upana wa sentimita 38. Juu kuna nembo ya kikosi, kisha namba ya askari, cheo, jina, kikosi, tarehe ya kufa na pengine umri, kisha alama ya dini, na chini kabisa maneno yaliyochaguliwa na jamaa zake. Maneno hayo ya jamaa hayakuruhusiwa kuzidi herufi 66, nafasi baina ya maneno zikihesabiwa pia, na hapo mwanzo familia ilitakiwa kulipa kwa kila herufi, jambo lililowakera watu hata malipo yakaachiwa hiari. Nao New Zealand waliona si haki mwenye nacho aseme na asiye nacho anyamaze, wakayakataa maneno ya jamaa kwa mawe yao yote. Aliyekosa jina aliandikiwa maneno yaliyopendekezwa na mshairi Rudyard Kipling, kwamba anajulikana kwa Mungu, na Kipling mwenyewe alikuwa amempoteza mwanawe wa pekee vitani mwaka 1915. Kwa hiyo mnakili akiona mstari wa chini umefutika lakini nafasi yake ipo, aandike kwamba mstari upo na hausomeki, asiuache kana kwamba haukuwapo: kuna mama mahali fulani aliyezihesabu herufi zile.

Jiwe la Kidachi ni kazi nyingine. Herufi zake za zamani zina ncha na mikia, s ya katikati ya neno hufanana na f, na 1 huandikwa kwa mkono mrefu hata mtu akaidhani 7. Ufupisho wake ni wa kawaida: geb. ni kuzaliwa, gest. ni kufa, na gef. ni kuanguka vitani, na tofauti ya hivi viwili vya mwisho ni tofauti ya mgonjwa na aliyeuawa, kwa hiyo herufi moja ikisomwa vibaya hubadili maisha ya mtu. Majina ya miji yameandikwa kwa masikio ya Kidachi, Muansa kwa Mwanza na Daressalam kwa Dar es Salaam, na mnakili asiyachonge yafanane na ramani ya leo. Andika Muansa, Mwanza utaitaja katika maelezo, upande wa pili wa karatasi.

Sheria hii ya kutochonga majina inaonekana vizuri Tanga, katika makaburi madogo ya Wadachi yanayoitwa Sakarani, ambako wamelala Wadachi 16 na askari Waafrika 48 waliouawa katika vita vya Novemba 1914. Sakarani lilikuwa jina la utani la Tom von Prince, afisa aliyepigana na Mkwawa, chifu wa Wahehe, kisha akawa mlowezi Usambara, na aliyeuawa Tanga tarehe 4 Novemba. Mtu mmoja huyo anatafutwa na mjukuu wa Kidachi kwa jina la ukoo, na mzee wa Tanga kwa jina la utani, na lau mnakili angaliandika moja tu kwa kuliona ndilo la kweli, mmoja wa watafutaji hao angalirudi mikono mitupu.

Maandishi ya Kiarabu nayo yana hesabu yake. Mwaka wa Hijra una siku kumi na moja pungufu ya mwaka wa jua, kwa hiyo 1334 ulianza Novemba 1915 ukaisha Oktoba 1916, na mtu akitoa namba moja kwa nyingine bila jedwali atamwua marehemu mwaka kabla ya siku yake. Inakiliwe tarehe ya jiwe, na tafsiri yake iwekwe pembeni.

Sasa nije kwenye mwanga, maana huku ndiko kazi inakofaulu au kuharibika. Herufi iliyochakaa haisomwi kwa macho makali, husomwa kwa kivuli. Jua likilipiga jiwe usoni moja kwa moja, michongo yote hujaa nuru na jiwe huonekana tupu, bali likipita kwa ubavu, kila mchoro hutupa uzi wa giza na neno huibuka. Vitabu vya nchi za baridi humwambia mnakili aende asubuhi na mapema, na kwa jiwe lililolazwa chini shauri hilo linafaa hata huku kwetu. Lakini Shinyanga iko karibu na ikweta, na jua letu hupanda wima. Kwa jiwe lililosimama likitazama mashariki, jua la asubuhi ndilo baya kuliko yote, na saa yake njema ni kuelekea adhuhuri, jua la utosi linapoteremka usoni pa jiwe kutoka juu. Jiwe linalotazama kusini lina shida kubwa zaidi, kwa sababu kuanzia Aprili hadi Agosti jua liko kaskazini na uso wake hukaa kivulini kutwa. Hilo lingojewe hadi mwisho wa mwaka, au litafutiwe kioo cha ukutani, ambacho mtu wa pili atakishika mbali kidogo na kuupeleka mwali kwa mshazari. Kioo cha shilingi elfu chache kimesoma mawe mengi ambayo brashi iliyashindwa.

Kuhusu brashi nina ukali kidogo. Jiwe husafishwa kwa maji matupu na brashi laini, basi. Brashi ya waya, sabuni ya unga, dawa ya kutoa madoa, chokaa na unga wa mahindi unaopakwa ili herufi zing'ae, vyote ni adui, kwani vyatoa picha nzuri ya leo na kuondoa ngozi ya jiwe ya miaka hamsini ijayo. Ukoga ulioganda usibanduliwe kwa kisu, maana mizizi yake imeshika chembe za jiwe nazo huja pamoja. Na katika mbuga zetu za udongo mweusi, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, mawe mengi yameinama na mengine yamezama hata mistari ya chini imo ardhini. Mwenye pupa huleta mtaimbo, akalivunja jiwe katikati. Lililozama liandikwe limezama, na kama wenye mahali wameridhia, udongo uondolewe kwa mkono na urudishwe.

Ama ridhaa ya wenye mahali si jambo la kupuuza katika mikoa hii. Mtu mgeni anayeonekana makaburini na ndoo na kioo, akiinama na kunong'ona herufi, atafikiriwa mambo mawili, uchawi au dhahabu, na sungusungu, ambao asili yao ni huku kwetu Shinyanga na Kahama, hawana subira na lolote kati ya hayo. Aanze kwa mtendaji wa kijiji au kwa paroko, aende kwa wazee wa jirani, atoe salamu ya mwangaluka kwa utulivu, aeleze nia yake na aombe kijana wa hapohapo wa kumshikia kioo. Kijana huyo baadaye atakuwa mlinzi wa makaburi bila mshahara.

Nimetaja dhahabu kwa sababu ndiyo msiba wa makaburi ya Wadachi. Kuna imani iliyoenea Tanzania nzima kwamba Mdachi alipokimbia alifukia mali, na kwamba msalaba au alama yoyote iliyochongwa ni ishara ya mahali alipoifukia. Na katika ukanda ambao watu wake wanajua kushusha duara la kina kirefu kwa sururu na kamba, imani hiyo haibaki maneno. Chembe ya ukweli iliyomo ni hii, kwamba mwaka 1916, Wadachi walipozingirwa na kukosa fedha, walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakapiga katika karakana ya reli ya Tabora sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo, zaidi ya 16,000 kwa hesabu. Sarafu hizo ziko leo katika makabati ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na si chini ya msalaba wa sajenti aliyekufa kwa kuhara. Lakini shimo likishachimbwa, jiwe limevunjika, na kama ni kibao cha shaba kimekwisha kufika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Sheria nayo haimkingi marehemu papo hapo: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huhifadhi yenyewe vilivyojengwa kabla ya 1863, na kaburi la 1916 halipati hifadhi hiyo mpaka waziri alitangaze. Picha na nakala sahihi, zenye alama ya mahali kutoka kwenye simu, ndiyo hifadhi inayopatikana kwa wiki moja.

Nimesema habari za waliopata jiwe. Mnakili akiishia hapo, daftari lake litakuwa sahihi herufi kwa herufi, na bado litakuwa la uongo, kwa kuwa litamwonyesha msomaji vita ya Wazungu iliyopiganwa katika nchi isiyo na watu. Waingereza peke yao waliandika wapagazi takriban milioni moja katika vita vya Afrika ya Mashariki, na waliokufa, kwa hesabu zilizoandikwa, ni zaidi ya 95,000. Namna walivyozikwa inadhihirika Dar es Salaam. Mwaka 1968, makaburi 660 ya vita ya kwanza yalihamishwa kutoka Ocean Road ili kupisha barabara mpya; wenye mawe walihamishwa kila mmoja na jiwe lake, lakini katika viwanja vya Waafrika makaburi hayakuwa yametiwa alama ya mtu mmojammoja, ikabidi mifupa izikwe upya kwa pamoja, chini ya ukuta wa ukumbusho. Hakuna mnakili awezaye kusema pale nani amelala wapi. Wanajeshi wa vikosi vya Waingereza na vya Kihindi waliopotelea huku kabla ya Januari 1917 bila kaburi linalojulikana, majina yao zaidi ya 1,200 yamechongwa katika ukumbusho ulioko Nairobi, na waliofuata, zaidi ya 1,500, katika ule wa Dar es Salaam. Mpagazi Msukuma aliyekufa safari ileile hayumo katika huu wala ule. Alipewa sanamu. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, pamoja na wenzake wa Mombasa na Nairobi, ina maandishi yaliyotungwa na Kipling yanayoahidi kwamba jina la mpiganaji litakumbukwa na wanawe, na juu yake hakuna jina hata moja.

Hayo si maneno ya mwandishi mwenye chuki, kwani Tume yenyewe iliyakiri. Mwezi wa Aprili 2021 ilitoa taarifa ya uchunguzi wake, iliyokadiria kwamba watu 45,000 hadi 54,000, wengi wao wa Bara Hindi, Afrika na Misri, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sehemu kubwa ya hao ni wa kwetu na wa Misri. Ikaomba radhi. Na Januari 2025 huko Cape Town ukafunguliwa ukumbusho wa vibarua wa jeshi wa Afrika Kusini waliokufa barani Afrika pasipo kaburi linalojulikana, majina 1,772, kila mmoja akiwa na nguzo yake ya mti wa mvule. Nguzo zile zilipatikana kwa sababu majina yalipatikana, na majina yalipatikana kwa sababu karani fulani aliyaandika na hati haikuliwa.

Kwa hiyo mnakili wa Shinyanga au Geita awe na karatasi za rangi mbili. Ya kwanza ni ya mawe: mstari kwa mstari, herufi kubwa kwa kubwa, mkwaju mahali mstari unapokatika, mabano ya mraba kwa herufi yenye shaka, nukta kwa zilizopotea, na makosa ya mchongaji yakiachwa yalivyo, naye asome kwanza, kisha ndipo atazame orodha ya Tume kwenye intaneti, ambayo ni bure, kwa maana mtu akilijua jina kabla, jicho lake litaliona hata pasipo na jina. Ya pili ni ya midomo. Hapo aandike vifusi visivyo na jiwe na idadi yake, na mahali wazee wanaposema palizikwa watu wa safari, na majina ya mababu waliokwenda na mizigo wasirudi, pamoja na ukoo, kijiji, na jina la msimulizi ikiwa ameridhia kutajwa, na uhusiano wake na marehemu. Karatasi hizi mbili zisichanganywe, kwa kuwa jiwe na mdomo hukosea kwa njia tofauti, na mwenye kuzichunguza baadaye ana haki ya kujua lipi limetoka wapi. Wala ya pili isionekane duni kwa kuwa haina saruji, maana Wasukuma wamehifadhi nasaba za batemi wao kwa kusimuliana, na nyingi ya habari zilizokusanywa katika makumbusho ya Bujora, aliyoyaasisi Padri David Clement, zilitoka vinywani.

Nakala zifanywe angalau nne, moja ibaki katika ofisi ya kijiji, moja parokiani au msikitini, moja ipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na moja kwa Tume au kwa chama cha Wadachi kinachotunza makaburi ya vita, kilichoanzishwa mwaka 1919, kwa kadiri jiwe lilivyo. Karatasi iwe ya kawaida na wino usiofutika, kwani simu huibwa na chombo cha kuhifadhia picha huharibika. Na chini ya kila ukurasa mnakili atie jina lake, na la aliyeshika kioo, na tarehe, na saa, na kama palikuwa na jua au mawingu, kwa sababu atakayekuja miaka thelathini baadaye, akiona E mahali alipoandikiwa F, atataka kujua kwanza jiwe lilisomwa kwa mwanga gani.